Chui Mwenye Cheti cha Kulea Watoto

Hamjambo wenyeji? Wa mbele kaeni, wa nyuma nyamazeni, anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize.

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa jabali.
Jabali lina nini?
Lina watoto wa watu.
Anawaangalia nani?
Tulieni niwaambie.

Hapo kale, kwenye jabali moja, alikaa Bi Pimbi. Mnyama mdogo, ana tumbo, hana mkia, hana pembe. Kazi yake ilikuwa kuangalia watoto wa majirani. Mama Digidigi akienda malishoni, anamwachia mwanawe. Mama Kanga akienda kuchakura, anamwachia vifaranga wanne. Mama Kindi anamwachia mapacha wake wawili. Jumla saba. Wakicheza anawaangalia, wakilala anawaangalia, wakipigana anawaamua.

Tena Bi Pimbi alijifunza kusoma ukubwani, meno yameshaanza kulegea. Kasuku alimfundisha masika nzima, ba be bi bo bu, mpaka akaweza. Tangu hapo hakipiti kipande cha karatasi asikisome, hata kilichofungiwa vitumbua.

Asubuhi moja Chui akaja, tapu, tapu, tapu, karatasi kwapani. Akawakuta kina mama wanaacha watoto. Akawaambia kuna sheria mpya ya malezi. Baraza la Pori linataka kila anayeweka watoto wa wenzake nyumbani kwake ajiandikishe, apewe cheti. Yeye ameshajiandikisha, ameweka alama ya ukucha pale chini. Pimbi hana cheti. Kwa hiyo kuanzia kesho watoto wote saba waletwe pangoni kwake.

Kina mama wakatazamana. Kila mmoja alijua mtoto akiingia pango lile hatoki. Lakini nani abishane na sheria, na nani abishane na Chui?

Bi Pimbi akaomba aione hiyo karatasi.

"Uione ya nini, bibi? Utaila?"

"Nitaisoma, mwanangu."

Chui akacheka mpaka masharubu yakatikisika. Akampa.

Bi Pimbi akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Akasoma polepole, midomo inacheza. Akamaliza upande wa mbele. Kina mama walingoja aseme Chui kadanganya. Hakusema, kwa sababu Chui hakudanganya. Sheria ilikuwepo, cheti kilikuwepo, na mwenye kosa alikuwa yeye Pimbi. Akageuza karatasi. Upande wa pili nao ulikuwa na maneno. Akayasoma mara mbili.

"Mwanangu Chui, na haya ya huku nyuma umeyakubali?"

Sasa Chui hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini mbele ya kina mama angesemaje?

"Nimeyakubali yote. Mimi niweke ukucha kwenye kitu nisichokisoma, mimi mtoto?"

"Basi hapana neno. Tutawaleta mmoja mmoja, wazoee."

Chui akachukua karatasi yake, akaenda zake anajilamba. Siku ile hakula kitu. Aliacha nafasi.

Huku nyuma Bi Pimbi akateremka jabali, akaenda kwa Mama Tembo. Wazee wanasema pimbi na tembo ni ndugu, ingawa ukiwatazama huamini. Wakazungumza kidogo tu.

Kulipokucha, Chui amekaa mlangoni. Akasikia ardhi inatetemeka, tindi, tindi, tindi. Ni Mama Tembo na mwanawe Kibonge, na Bi Pimbi nyuma yao.

Chui akasema huyu siye aliyemtaka. Bi Pimbi akaiomba ile karatasi, akaigeuza, akasoma kwa sauti.

"Kifungu cha sita. Mwenye cheti hamkatai mtoto aliyeletwa na mama yake. Kifungu cha saba. Mwenye cheti hatii kitu mdomoni mpaka mtoto aseme mwenyewe kwamba ameshiba."

"Nitasimama hapa mlangoni nisikie," akasema Mama Tembo. Masikio yake, pwata, pwata.

Chui akaleta majani. Nyaf, nyaf, nyaf.

"Umeshiba, mtoto mzuri?"

"Bado."

Akaleta magome. Nyaf, nyaf, nyaf.

"Umeshiba, baba?"

"Bado."

Akaleta matawi ya miiba, pua imemchubuka. Nyaf, nyaf, nyaf.

"Umeshiba, bwana mkubwa?"

"Bado, mjomba."

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu Chui alikuwa amekonda mpaka madoa yake yamesogeleana. Akampigia Bi Pimbi magoti. Akasema cheti hakitaki tena, akichukue yeye.

"Hakiachwi hivihivi, mwanangu. Kuna kifungu cha tisa. Anayerudisha cheti anatamka mbele ya kina mama wote kwamba hatamkaribia tena mtoto wa mtu, kisha anahama."

Chui akatamka. Akahama siku ileile, anapepesuka.

Karatasi ile ilikuwa na vifungu vinane.

Na Bi Pimbi je, cheti alipata? Hakuhitaji. Kifungu cha pili kinasema anayeangalia watoto wa ndugu zake hajiandikishi. Tangu siku ile watoto wote saba wanamwita shangazi, na mama zao wanamwita wifi, na anayebisha akasome mwenyewe.

Ngano imefika mlangoni, nami nimeifungia. Funzo lake ni hili: mtoto wako mpeleke kwa yeyote mwenye cheti, usimtazame meno. Na ukipewa karatasi soma upande mmoja tu, maana upande wa pili unakondesha watu. Na kusoma ukubwani hakumsaidii mtu.

Haya, nanyanyuka. Jirani anaingia zamu na ameniomba nimshikie wanawe wawili mpaka atoke. Akitoka, narudi. Na mkiulizwa, wale ni watoto wa ndugu yangu.