Namkunda Aliyefungua Ndiva

Kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo bibi yangu naye aliisikia kwa bibi yake, kabla njia ya magari haijapanda mlima, kulikuwa na watu. Mpo? Kama mpo, itikeni. Haya, nimesikia. Na mimi nipo, na kisa kipo. Eliwaza, acha kumfinya mwenzako, sogea hapa.

Kulikuwa na watu, na watu hao walikaa Irunde, juu kwenye milima ya Upare, mahali ambapo mvua ikitaka inakuja, isipotaka haiji. Kwa hiyo wakajenga ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Linapokea maji ya kijito mpaka linajaa, kisha mwenye zamu anang'oa kizibo, na maji yanashuka mferejini mpaka shambani kwake. Leo wewe, kesho mimi, keshokutwa yule. Na amri ilikuwa moja. Moja tu, wajukuu zangu! Milima yote hii tembea. Msituni okota kuni, kijitoni oga, migomba yako kata. Ila kizibo, kama si zamu yako, usikiguse.

Na mtu mmoja akakigusa.

Jina lake Mshitu. Kiangazi kilikuwa kikali, mahindi yake yamejikunja kama vidole vya mzee, akasema moyoni, kidogo tu. Mnalijua neno hilo? Nani hajawahi kulisema? Kidogo tu! Akang'oa kizibo kwa pupa, akaling'oa na jiwe lililokishika, ukuta ukaachia. Ndiva nzima ikashuka mlima kama fahali aliyekata kamba. Ikabeba nyumba moja iliyokuwa chini, na mama aliyekuwamo, na mtoto mchanga mgongoni mwake. Akabaki binti mmoja aliyekuwa amekwenda kuokota kuni. Binti huyo aliitwa Mbonea. Lishikeni jina hilo.

Mshitu naye akaja akafa, kama watu wote wanavyokufa. Lakini wazee hawakumzika pamoja na kosa lake. Kosa wakaliacha juu ya ardhi, wakalitungia sheria. Mtoto wa Mshitu atateka maji wa mwisho. Mjukuu wa Mshitu atateka maji wa mwisho. Na siku yeyote wa nyumba hiyo atakapogusa kizibo kwa wizi, nyumba yote ishushwe nyikani, kwenye jua na miiba, wasipande tena mlimani.

Sasa ndipo anapoingia Namkunda.

Namkunda alikuwa mjukuu wa Mshitu. Tangu akiwa mdogo alisimama kando ya kijito na mtungi wake, akiwatazama wenzake wakiteka maji meupe, yeye akisubiri yaliyokwisha kutibuliwa. Siku moja, hata kimo chake hakijafika kiunoni mwa mama yake, akauliza kwa sauti mbele ya watu wote:

"Babu alipofungua ndiva, mimi nilikuwa wapi?"

"Hukuwa umezaliwa," mama yake akamnong'oneza. "Nyamaza."

"Basi sikuwapo!"

Neno hilo likawa lake. Sikuwapo! Akiambiwa rudi nyuma, anarudi, lakini kichwa juu. Sikuwapo! Wakimwimbia wasichana wenzake, mla maji, mla maji, anawajibu, sikuwapo! Akakua nalo, akaolewa nalo, mume akafa, akarudi kwa kaka yake Sekiete na binti mdogo mgongoni, na neno lile bado li mdomoni. Aliamini kwamba kati yake na Mshitu kulikuwa na ukuta. Yule mwizi, mimi msafi. Na kweli, wajukuu zangu, alikuwa hajamchukulia mtu hata punje.

Kikaja kiangazi kingine. Kikakaa. Kikakataa kuondoka. Nyumba ya Mshitu ilikuwa ya mwisho hata kwenye zamu za ndiva, na zamu ikifika kwao, kilichobaki ni tope. Maharage ya Namkunda yalikuwa yametoa maua, yale maua ambayo yakipata maji siku hiyo yanakuwa chakula, yasipopata yanaanguka.

Mchana mmoja watu wote walikwenda kuzika katika kijiji cha jirani. Sekiete alibaki ndani, homa imemlaza. Namkunda naye alibaki shambani peke yake, akiyatazama maua; anayetembea mwisho hakuna anayemkosa. Akapita Mama Mkwizu, mke mdogo wa Mzee Kirumbe. Na Mzee Kirumbe, mjue, ndiye aliyekuwa mzee wa maji, msimamizi wa ndiva yote.

"Pole na jua, mwanangu."

"Nimekwisha poa, mama. Hukwenda kuzika?"

"Mguu unanisumbua." Mama Mkwizu akainama, akaligusa ua moja, likamdondokea kiganjani. "Masikini. Leo hii tu yangepata maji!"

"Zamu yetu bado."

"Bado. Na ndiva imejaa mpaka ukingoni, hakuna hata mbuzi wa kuichungulia." Akalitupa lile ua. "Hivi, Namkunda, wanakuitaje kule kijitoni?"

"Unajua wanavyoniita."

"Mla maji. Na hujala. Mimi naona wewe umekwisha adhibiwa. Kilichobaki ni kosa lenyewe tu."

Mmesikia? Sauti tamu, na uongo umekaa katikati ya ukweli kama mdudu ndani ya embe. Na shamba la Mama Mkwizu, wajukuu zangu, lilikuwa chini ya shamba la Namkunda, kwenye mfereji uleule. Maji yakishuka kwa mmoja, yatafika kwa mwingine.

"Unaniambia nifungue?" Namkunda akauliza.

"Mimi? Sijasema hivyo. Nimesema hakuna mtu."

Akaenda zake, mguu haumsumbui hata kidogo.

Namkunda akabaki. Akajiambia, mimi si Mshitu. Akajiambia, mtoto wangu atakula nini? Akajiambia, wamenitendea vibaya maisha yangu yote. Na yote matatu yalionekana kweli, na miguu yake ilikuwa tayari inapanda. Alipofika ndivani, maji yalikuwa yametulia, baridi yake ikampiga usoni. Akashika kizibo. Akasema, kidogo tu.

Lo! Neno lilimtoka mdomoni akalisikia kwa masikio yake mwenyewe. Alijua ni neno la nani. Angeweza kuachia pale. Hakuachia.

Maji yakashuka. Maharage yakanywa. Na aliporudisha kizibo, akakaa juu ya ukuta. Lile neno lake la tangu utotoni alilitafuta mdomoni, halikuwamo.

Watu waliporudi, Mzee Kirumbe akaona alama ya maji imeshuka. Akaufuata mfereji. Akakuta udongo umelowa kwa Sekiete na dada yake. Akaendelea mbele, akakuta udongo umelowa kwenye shamba la mkewe mwenyewe. Hapo akageuza macho, akarudi alikotoka.

Asubuhi watu wakakusanyika ndivani. Sekiete aliletwa akiyumba kwa homa, vijana wawili wamemshika.

"Huyu ndiye hakwenda kuzika," akasema Mzee Kirumbe. "Damu ya Mshitu! Tulisema, na leo mmeona. Nyumba nzima itashuka nyikani leo hii."

"Sikutoka kitandani," akasema Sekiete. "Muulizeni mtu yeyote."

"Tumwulize nani? Nyumba yenu yote ni moja!"

Namkunda alikuwa nyuma, mahali pake pa siku zote, mwisho. Wajukuu zangu, angenyamaza, nani angejua? Akapita katikati ya watu. Hakusubiri wampishe, aliwasukuma. Akasimama mbele ya mzee wa maji, macho kwa macho.

"Mwacheni kaka yangu. Ni mimi."

"Nani amekutuma?"

Mama Mkwizu alikuwa pale, ameshika khanga yake kwa vidole vyote. Mnakumbuka kule bustanini, Mungu alipomwuliza Adamu? Adamu akasema, ni mwanamke. Mwanamke akasema, ni nyoka. Kila mmoja ana wa kumwonyesha. Namkunda naye alikuwa naye wa kumwonyesha, tena kwa haki.

"Maneno nilisikia," akasema. "Lakini mkono ulikuwa wangu. Na usimtaje Mshitu, Mzee Kirumbe. Mshitu mwacheni alale. Maisha yangu yote nimewaambia sikuwapo. Safari hii nilikuwapo. Kilichokuwa ndani yake kimo ndani yangu, nimekiona jana, nimekishika. Nilijiona msafi kuliko nyinyi. Mimi si msafi. Lakini nawe kautazame udongo wa mashamba yote, si wa kwetu tu, halafu uniambie ni nyumba gani haina tope."

Mzee Kirumbe akakunja uso. "Una kiburi hata ukiwa mwizi!"

"Nimekosa, na ninasema nimekosa. Nishusheni mimi. Kaka yangu na mtoto wangu hawakugusa kitu, hao msiwaguse."

"Sheria ni nyumba nzima!"

"Sheria hiyo," ikasema sauti nyuma, "ilitungwa kwa ajili ya nani?"

Watu wakageuka. Alikuwa Bibi Mbonea. Yule binti wa kuni, sasa mzee, nywele nyeupe, fimbo mkononi. Wakampisha, maana yeye ndiye aliyefiwa, na kila mtu akajua kwamba neno lake litammaliza Namkunda.

"Kwa ajili yako, Mbonea," akasema Mzee Kirumbe. "Kwa ajili ya mama yako na mdogo wako."

"Nani aliniuliza?"

Akawageukia wazee, mmoja mmoja.

"Nauliza, nani aliniuliza? Aliyebebwa na maji ni mama yangu, si wako. Kitoto kilichokuwa mgongoni ni mdogo wangu, si wako. Mkakichukua kilio changu mkakifanya kigoda, mmekikalia tangu nikiwa mtoto mpaka nimezeeka! Kila asubuhi nawaona mabinti wa nyumba ile wakisimama kando, na kila asubuhi mama yangu anakufa tena. Nimechoka. Inukeni kwenye kilio changu, nakitaka."

"Mbonea, maji yameibwa. Lazima mtu aubebe upungufu huo."

"Nitaubeba mimi. Zamu yangu ijayo, ibaki ndivani. Na ile inayofuata, ibaki. Ndiva ijae kama ilivyokuwa."

"Maharage yako yatakufa."

"Yafe."

"Kwa ajili ya mwizi?"

"Kwa ajili ya mwizi. Ningemfanyia nani mwingine? Asiyeiba ana haja gani nami?"

Namkunda, aliyesimama wima mbele ya wazee wote, akapiga magoti. Adhabu angeiweza. Hili hakuliweza. "Bibi, usinifanyie hivi. Bora nishuke nyikani. Nitakutazamaje ukilala njaa kwa ajili yangu?"

"Sikukuomba ruhusa," akasema Bibi Mbonea. "Umezoea kusimama mwisho, ukajua na namna ya kukasirika huko mwisho. Sasa jifunze kupewa. Simama, mwanangu. Pokea."

Akamshika mkono, mkono uleule uliong'oa kizibo, akamvuta mpaka kijitoni, akamsimamisha mbele ya wanawake wote. "Teka."

"Bibi, watu wanatazama."

"Watazame. Teka!"

Namkunda akateka. Maji yalikuwa meupe. Wanawake wengine wakaguna, wengine wakabeba mitungi mitupu wakaondoka kwa hasira, na wachache wakajipanga nyuma yake bila kusema. Hakushushwa mtu nyikani, maana mwenye kilio alikuwa amesema. Mzee Kirumbe alikataa kunywa maji nyuma ya nyumba ya Mshitu, akawa anatuma watu kijito cha mbali mpaka alipokufa. Na Mama Mkwizu? Maharage yake yalizaa vizuri sana mwaka ule. Kama aliungama, aliungama kwa Mungu, sisi hatukuambiwa.

Maharage ya Bibi Mbonea yalikufa. Nawaambia ukweli, yalikauka yote, mpaka majani yakavunjika yakiguswa. Hakuna mvua iliyokuja ghafla kumfuta machozi. Msimu ule alikula kwenye chungu cha Namkunda, na kuna siku chungu kilikuwa na maji na chumvi, nao wakala pamoja.

Jina la Yesu lilikuwa bado halijapanda milima ile, wajukuu zangu. Lakini lilipopanda, na mhubiri akasimama kueleza habari za yule asiye na kosa aliyebeba la wenye kosa, wazee wa Irunde walitazamana. Wakasema, huyu tunamfahamu, alitangulia kutupitia.

Msidhani Namkunda aligeuka malaika. Kila kiangazi, akipita ndivani, mkono ulimwasha. Alikuwa akiuficha ndani ya khanga na kutembea haraka, huku akimwomba Mungu kwa sauti, watu wakimcheka. Aliomba, akapita. Aliomba, akapita.

Binti yake alipokua, siku moja akarudi nyumbani analia. "Mama, wamesema wewe ni mwizi."

Namkunda akaweka mwiko chini. Akamshika binti mkono, akatoka naye mpaka pale wasichana walipokuwa wakicheza, akasimama mbele yao, kichwa juu.

"Nani amesema mimi niliiba?"

Wakaogopa. Mmoja akanyoosha kidole chake juu polepole.

"Umesema kweli," akamwambia. "Niliiba. Na nilisamehewa. Ukitaka kunisema, mwanangu, sema yote mawili."

Basi nanyi mkishawishiwa, jueni kwamba hamkuzaliwa wa kwanza kushawishiwa. Mkianguka, msimtafute wa kumwonyesha kidole, semeni ni mimi. Na mkisamehewa, msikubali mtu yeyote awarudishe mwisho wa mstari.

Nimekitoa kisa kwangu, kimeingia kwenu. Mimi nimebaki mwepesi, nyinyi ndio wenye mzigo. Nendeni mkalale.