Mkanda Mweusi wa Mnara wa Shungini

"Mnara hupakwa kwa jicho la aliye baharini." Hilo ndilo neno alilowatupia Bi Mkasi asubuhi hii, alipowakuta na ndoo za rangi mkitaka kuuchora mnara wetu maua ili wageni wapige picha. Mmekuja kwangu mmenuna, mnauliza limetoka wapi. Wekeni ndoo chini. Lilianzia hapa hapa Shungini, na mwenye kosa alikuwa babu yangu mzaa mama, Makame Khatibu, kwa hiyo simsengenyi mtu baki.

Babu alikuwa mlinzi wa mnara, ndiye aliyewasha taa yake usiku kuongoza vyombo. Kila mwaka kabla ya Ramadhani watu wa kisiwa walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaupaka mnara mweupe, kisha katikati wakauzungushia mkanda mweusi wa lami. Mkanda huo haukuwa pambo. Kisiwa jirani cha Fungurefu nacho kina mnara, mweupe mtupu. Manahodha walijua: mweupe mtupu, pita kusini, wenye mkanda, pita kaskazini, maana kusini mwa Shungini ni miamba.

Kisha serikali ikaizima taa. Babu alilia kama aliyefiwa, halafu akaamua kwamba kazi ya mnara imekwisha, umebaki wa kutazamwa tu. Hapo mapenzi yakamzidi akili. Aliziba nyufa, akasugua vioo, akazipaka ngazi mafuta zisishike kutu. Mnara ukapendeza kuliko enzi za taa.

Mwaka huo binti yake, Time, aliyeolewa bara, alikuwa anarudi kwao kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Babu aliutazama ule mkanda akiwa barazani kwake, akauona kama kitambaa cha msiba.

"Mjukuu wangu hapokewi na weusi," akasema.

Dada yake, Bi Jokha, akamuuliza, "Makame, umewauliza wanaopita baharini?"

Babu akacheka. "Taa imezimwa, dada. Nani anautazama tena?" Akaupaka chokaa mnara mzima.

Time alikuja asubuhi yenye ukungu, ndani ya mashua ya injini ya nahodha Vuai. Ufuko haukuonekana, wala minazi. Ulionekana mnara peke yake, mweupe mtupu. Vuai akageuza usukani kusini, na mashua ikapasuka mwambani. Watu walisikia kelele, wakatoka na ngalawa, wakawaokoa wote. Time alijifungua mchangani, kabla hajafikishwa nyumbani. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakufika adhuhuri.

Babu akamkamata Vuai shati. "Miaka kumi unapita hapa! Mnara wetu huujui?"

"Mnara wenu una mkanda, mzee. Huu ni wa nani?"

"Niliupaka kwa ajili ya mwanangu!"

Time alikuwa amelala mkekani, kafunikwa kanga ya shangazi yake. Alisema polepole, bila hasira. "Baba, Vuai alisita. Aliniuliza kama hapa ni kwetu. Mimi ndiye niliyemwambia si kwetu. Kwetu kuna mkanda."

Babu akaliachia shati la Vuai. Alasiri alimzika mjukuu wake, na kesho yake akapanda mnarani na pipa la lami. Alipomaliza mkanda hakushuka. Alimwomba Bi Jokha apelekwe na ngalawa mpaka mkondoni, vinakopita vyombo, autazame kutoka huko, apunge kitambaa akiridhika. Bi Jokha alitazama, asipunge. Mkanda ulikuwa mwembamba. Babu akauongeza huku ananing'inia kwenye kamba, jua la mchana kichwani, mpaka kitambaa kikapungwa. Aliposhuka aliyatamka maneno yale mliyoyasikia leo.

Tangu hapo hakuna anayepaka mnara huu bila mtu kukaa mkondoni. Mwaka uliofuata alikaa Time mwenyewe. Mwaka wa pili alikaa tena, akiwa na mimba yangu.

Basi chukueni ndoo zenu. Kupaka sikatazi, mnara usiopakwa huliwa na chumvi. Ila kabla brashi haijagusa ukuta, chagueni kwanza nani atakayekaa ngalawani, na akikataa kupunga, msimnunie. Mnara hupakwa kwa jicho la aliye baharini.