Ngoma Isiyo na Ngozi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, msituni kulikuwa na karakana ya ngoma, na kama hamkuiona ni kwa sababu mlichelewa kuzaliwa, poleni. Siku zile zilikuwa siku. Ukipita pale unanusa ngozi zinazokaushwa na chai ya tangawizi, na habari zote, harusi, misiba, nani kajifungua mapacha, zinapigwa ti-ti-ndi, ti-ti-ndi, zinafika ng'ambo ya mto. Siyo nyie na visimu vyenu, chaji ikiisha mnakaa kama mmefiwa.

Karakana ilikuwa ya Tembo, aliyeirithi kwa babu yake aliyeianzisha. Msimamizi alikuwa Kiboko. Fundi mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi, hafiki hata kwenye goti la Tembo, lakini akili alikuwa nazo, karibu kama zangu.

Tatizo lilikuwa mvua. Ikinyesha, ngozi zinalegea, ngoma zinalia bwe, bwe, kama mtu mwenye mafua. Wateja wakaanza kuhamia kwa kasuku, wapeleka habari kwa mdomo. Pimbi akachonga gogo, akalichimba tumbo, akalipasua ufa juu. Ukiligonga: kong! Hata likilowa, sauti ni ile ile.

Ila pale kulikuwa na desturi. Ukileta kitu kipya, Tembo anauliza, "Babu aliwahi kukitengeneza?" Kama hapana, kinapelekwa jikoni kuwa kuni. Chai nyingi ya karakana ile ilichemshwa na kazi za Pimbi. Gogo nalo likaenda huko huko, na Tembo akamwonya kwamba akileta kituko kingine, afungashe virago.

Pimbi hakubisha. Akachonga jingine, akalipaka masizi, akalitafuna pembeni lionekane limeliwa na mchwa, akalificha darini kwenye stoo ya marehemu Babu. Halafu akasubiri siku ya usafi.

Siku hiyo Kiboko ndiye aliyeliona. Tembo akalipokea kwa mkonga, machozi yakamtoka.

"Ni hii hii," akasema. "Babu alikuwa akinipigia hii nilale."

Kiboko, asije akapitwa, akadai aliicheza kwenye harusi yake. Pimbi akainama akajifanya anafagia.

Gogo likawekwa uani. Masika yakaingia na kelele zake, lakini kong, kong, habari zikavuka mto, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Karakana ikapona.

Asubuhi moja Tembo akaona gogo limetoa jani. Jani bichi, linapepea.

"Pimbi," akaita kwa sauti ya chini. "Ngoma ya Babu inachipuaje?"

Pimbi akajua virago vimeshafungwa. "Mzee, huo mti niliukata mimi, kabla tu ya masika. Babu hakuiona ngoma hiyo."

"Na mimi niliyekumbuka nikipigiwa hiyo nilale?"

"Ulimkumbuka Babu, Mzee, na hapo hukukosea. Ila gogo ni langu. Na zile za ngozi, kabla ya Babu, nani aliwahi kuzitengeneza?"

Kiboko akainama kufunga kamba za viatu, na lini mmeona kiboko amevaa viatu?

Tembo akalipapasa lile jani, hakuling'oa. Kisha akageukia jikoni.

"Mpishi," akasema, "kuanzia leo, kuni tafuta kwingine."

Basi hapo ndipo ninapoiacha, nanyi mwende nalo hili: anayempenda mwasisi kweli, naye huanzisha kitu.