Sauti Aliyoifuata Chiriku

Wapo watu ambao mchango wao kwa mtoto ulikwisha siku alipozaliwa, lakini siku ya kupigwa picha wako mbele kama tai ya suti. Hao ndio waliowafanya wahenga waseme kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anayebisha na asikilize kisa cha kinyozi mmoja na mpwa wake.

Kinyozi huyo mtaa mzima ulimwita Pilipili kwa sababu ya hasira zake. Mteja akitikisa kichwa, alifokewa. Mashine ikikwama, ilitukanwa kana kwamba ina masikio. Aliyekuwa hamwogopi ni mtu mmoja tu, mpwa wake wa miaka saba, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Mama yake Chiriku, dada wa kinyozi, alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Baba yake alihudhuria mazishi, akalia kuliko wote, kisha akaondoka moja kwa moja. Tangu hapo Pilipili ndiye aliyemwogesha, akamsuka ovyo ovyo mpaka akajua kusuka, akakesha naye homa zilipompanda huku akifoka, "Kunywa dawa hiyo! Unadhani mimi nina roho ngapi?"

Hapo mtaani palikuwa na kundi la skauti wadogo, wakiitwa Chipukizi, lililokutana Jumamosi katika uwanja wa shule. Hakuna mtoto aliyejiunga peke yake. Kila mmoja alikuja na mkubwa wa nyumbani kwake, wakajifunza pamoja kufunga mafundo, kupanda miti na kusimamisha hema. Pilipili alifunga saluni siku hiyo yenye wateja wengi, akaenda kukaa chini na watoto. Kamba zilipomshinda alizifokea, na Chiriku akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya kupokewa rasmi ilikuwa na desturi yake. Mtoto alifungwa macho kwa skafu yake mwenyewe na kusimamishwa upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili walisimama wakubwa, na mmoja tu, yule wa kwake, ndiye aliyeruhusiwa kumwita. Mtoto akiifuata sauti mpaka akafika, mkubwa huyo humfungua skafu na kumvisha shingoni. Asiyefika hungoja mwaka mwingine. Chiriku alikuwa akiiota skafu hiyo usingizini.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, kiongozi wa kundi aliingia saluni. Alikuwa mama mmoja asiyevua filimbi shingoni, watoto wakimwita Bi Kamanda.

"Kesho Chiriku ataitwa na baba yake," alisema. "Nimekutana naye kwenye harusi moja. Kumbe ndiye yule mshereheshaji maarufu! Amekubali hata kutuendeshea shughuli bure."

Mashine ilimponyoka Pilipili. "Baba gani? Huyo aliyezuka jana kama uyoga? Hajui hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi!"

"Unaona sasa? Hili ni kundi la familia, kaka yangu, na mtoto ana mzazi wake. Halafu wewe unafoka mno, wenzako wanalalamika. Ukileta fujo kesho, namtoa mtoto kundini."

Alipoondoka, Pilipili alitukana kiti, kioo na dari. Chiriku, aliyekuwa akifagia nywele, alimshika aproni.

"Mjomba, naitaka skafu yangu. Usigombane nao. Niapie."

Pilipili aliapa, ingawa kiapo kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake baba alifika na suti inayong'aa na kipaza sauti mkononi. Alimkumbatia Chiriku kwa muda wa picha tu, kisha akawageukia watu akijipiga kifua. "Damu yangu hii! Nimeizaa mwenyewe!" Lo, mtu huyo hakuwa na haya wala hakujua vibaya! Pilipili alisimama nyuma ya wote, meno ameyauma. Alitamani kumnyoa bila maji, lakini kiapo ni kiapo.

Watoto waliitwa mmoja mmoja, wakafika. Zamu ya Chiriku ikawadia.

"Binti yangu! Njoo kwa baba!"

Sauti hiyo tamu mji mzima uliijua. Chiriku peke yake ndiye hakuijua. Alipiga hatua, akasita, akageukia ukuta wa shule.

"Wewe nani?" akauliza.

Watu wakacheka. Baba akaona aibu, na aibu ikageuka ukali. "Njoo huku! Mbona unanidhalilisha mbele za watu? Huna masikio?"

Chiriku akaketi vumbini, akalia. Bi Kamanda akatikisa kichwa, akaipeleka filimbi mdomoni kufunga zamu yake.

Hapo Pilipili damu ikamchemka.

"Usimfokee mtoto wangu!" alinguruma mpaka watu wakaruka. "Peremende moja hujawahi kumnunulia, leo umfokee? Kwa lipi? Na wewe Chiriku, inuka! Nani kakwambia ukae vumbini na sketi niliyoipiga pasi jana?"

Chiriku akainuka, akakung'uta sketi. Akaanza kutembea kuelekea sauti ile iliyoogopwa na mtaa mzima, haraka, bila kupapasa. Akampita baba yake kwa upande bila kujua kwamba yupo. Akafika, akaushika mkono wa mjomba wake.

"Mjomba, umevunja kiapo."

"Nimekivunja, mama," alijibu.

"Lakini mimi ndiye niliyemzaa!" baba alipiga kelele. "Mwambieni huyo kinyozi akae pembeni!"

Wote wakamtazama Bi Kamanda. Aliiachia filimbi ikaning'inia.

"Nilikosea mimi," alisema, uso chini. "Mtoto amefika kwa mtu wake. Mvishe, kaka yangu."

Pilipili akamfungua Chiriku macho, akamvisha skafu. Fundo la kwanza likamshinda, akalifokea, akafunga tena, likakaza. Mshereheshaji alikuwa ameshafika langoni na kipaza sauti chake kwapani. Tangu siku hiyo, kila akijipiga kifua kwamba ana binti, watu wa mtaa ule humkata kauli: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.