Chupa Moja ya Vumbi la Dhahabu

Sogeeni. Anayetafuna miwa amalize kwanza, mimi sirudii maneno. Na mtu asije akaniambia baadaye hadithi hii haina huruma. Najua haina.

Palikuwa na mjane mmoja, Bi Tausi, na binti zake watatu: Mwamvita, Zuwena na Kibibi. Ukoo wao ulikuwa unaliwa na saratani ya ini. Ilimchukua bibi yao, ikamchukua mama mkubwa, ikamalizia na mama mdogo. Ilianza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, na hospitali walipouona huo ugonjwa ulikuwa umeshafika ukubwa wa embe, basi hapo kilichobaki ni kutafuta sanda. Mabinti wakachoka kuzika. Wakasoma, kila mmoja na lake.

Mwamvita, wa kwanza, alikuwa na kipaji cha kutengeneza. Alichukua dhahabu ya mahari ya mama yake, bangili na kidani, akaigeuza vumbi laini mno, punje yake hata uvae miwani mitatu huioni. Kila punje akaivisha dawa inayoitambua saratani. Mgonjwa akidungwa, vumbi lile huzunguka na damu. Likiikuta saratani hung'ang'ania hapo kama kupe, lisipoikuta hutoka zake. Akajaza chupa tano. Bi Tausi alizililia bangili zake kuliko alivyowalilia ndugu zake, lakini alizitoa.

Zuwena, wa pili, alikuwa na jicho. Alitengeneza taa nyekundu ambayo mwanga wake hupenya nyama. Ukiigandamiza ubavuni, vumbi lililonasa humo ndani hujibu kwa mwanga wake lenyewe, dhaifu, usioonekana kwa macho haya yetu. Zuwena akaunda kioo cha kuuona. Hata hivyo kioo peke yake si kitu, maana mwilini vinang'aa vingi. Yeye tu ndiye aliyeweza kusema huu ni ugonjwa, huu ni nyongo.

Kibibi, kitinda mimba, alikuwa na mkono. Daktari wa kupasua, kisu chake hakijui kutetemeka.

Siku ikafika. Bi Tausi akashika ubavu. Mwamvita akamdunga chupa ya kwanza. Zuwena akawasha taa, akatazama, akasema, "Upo. Mdogo kama punje ya mtama." Kibibi akamlaza mama yake mezani, akakata pale pale mwanga ulipoonyesha. Wakatumia chupa ya pili kuhakikisha, na ini likawa giza tupu. Hakuna kilichosalia.

Bi Tausi alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Dhahabu yangu imebaki?"

"Chupa tatu, Mama," Mwamvita akajibu. "Zetu sisi, moja kwa kila mmoja. Ugonjwa huu unatuvizia na sisi. Ziko kwenye sanduku, nimezifunika kitambaa cheusi. Usifungue, zikipigwa na jua zinakufa."

Sasa mnaijua desturi yetu. Mgonjwa akitoka hospitali watu huja kumjulia hali, na mgeni hatoki hivi hivi bila kupewa cha kusimulia. Wakajaa ukumbini. "Bi Tausi, hebu tuone hiyo dawa ya wanao!" Naye, kwa kupenda kwake sifa, akafungua sanduku. Akaitoa chupa, akaipeleka dirishani ing'ae. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake wakaja majirani wa ng'ambo, akawatolea nyingine. Alikuwa anainyanyua ya tatu pale Mwamvita alipoingia na kumpokonya.

Ee bwana! Mbili zimekufa, moja nzima.

Na wiki hiyo hiyo, sikilizeni vizuri, binti wote watatu wakawa wanashika ubavu wa kulia. Labda ni vidonda vya tumbo tu, walivyovipata kwa kushinda njaa wakimuuguza mama yao. Labda ndiyo yenyewe. Kupika vumbi jingine ni mwaka mzima, na mtama hauchukui mwaka kuwa embe. Kugawana haiwezekani, maana ukilipunguza mwanga hauonekani kabisa, mnakosa wote.

Mwamvita akasema, "Nimelitengeneza mimi. Nikifa mimi, vumbi limekufa."

Zuwena akacheka kwa dharau. "Vumbi lako bila jicho langu ni mchanga. Mngemdunga Mama, mkakaa mnamtazama kama ng'ombe."

"Na jicho lako bila kisu changu?" Kibibi akadakia. "Kumwonyesha mtu ugonjwa usiweze kuutoa ni kumwonyesha kaburi lake. Nimewaokolea mama, nipeni."

"Ukikutwa nao utajikata mwenyewe?"

"Wapo wenzangu watakaonikata. Wewe shughulika na taa yako."

Walilala kitanda kimoja utotoni hao. Sasa kila mmoja alikuwa anautazama ubavu wa mwenzake, akiomba ule ndio uwe mgonjwa.

Hapo Bi Tausi akanyoosha mkono. "Nipeni mimi."

"Mama, wewe umepona!"

"Nani kasema? Zuwena si ndiye aliyesema nichunguzwe tena, ugonjwa huu huacha mbegu? Dhahabu ni yangu. Tumbo lililowazaa ni langu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimeshaujua mara tatu. Kifo chenu nitakistahimili. Changu siwezi."

Kibibi akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. "Ningejua, Mama, kisu kingeteleza."

"Hakikuteleza," Bi Tausi akasema. "Leteni chupa."

Hakuna aliyemletea. Chupa ikabaki mezani, ndani ya kitambaa cheusi, wanawake wanne wameizunguka, hakuna anayethubutu kwenda hata chooni.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Bila Mwamvita hakuna vumbi, bila Zuwena hakuna mwanga, bila Kibibi hakuna kupona, na bila Bi Tausi hakuna dhahabu, wala hao watatu wenyewe. Mmoja atajua hali yake mapema. Wengine watangoja embe.

Je, ingekuwa wewe, ungempa nani? Msininong'oneze. Kila mtu asimame aseme kwa sauti, mama zenu wamekaa hapo nyuma, nao wanataka kusikia.