Sweta la Mkono Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni. Leo nina hadithi ambayo mimi mwenyewe imenishinda kuimaliza, kwa hiyo mtu asiniulize mwisho wake. Mwisho nawaachia nyinyi. Nawajua, mtagombana.

Palikuwa na vijana watatu huko Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Wa kwanza ni Lusajo, aliyekuwa na subira ya ajabu: kazi ya kuchosha aliweza kuirudia mara mia na bado akapiga mluzi. Wa pili ni Atupele, msichana mwenye jicho kali. Ukitembea naye hujikwai, maana jiwe ameshaliona kabla yako. Wa tatu ni Gwakisa. Huyu hakuwa na subira wala jicho, ila alikuwa mtu wa kutoa. Ukimsifia kofia yake, anaivua anakupa. Na palikuwa na rafiki yao wa nne, Sekela, ambaye hayupo tena. Nawaambia mapema ili katikati ya hadithi msije mkanilaumu.

Hao wanne walikuwa na mchezo wao wa kompyuta, nyuma ya duka la madaftari la Mzee Mwakyoma. Kwa wasioujua: unaingia katika dunia ya matofali, unachimba, unalima, unajenga, na popote penye giza hutoka mazimwi. Vijana hao walikuwa wameuongezea mambo ambayo waliotengeneza mchezo hawakuyaweka. La kwanza, kila mchezaji ana roho moja. Akifa, dunia ile imefungwa kwake moja kwa moja, hata aombe vipi. La pili, kila mchezaji anajitungia uchawi wake mmoja, vyovyote atakavyo. Akitaka mwingine, wa kwanza unafutika na haurudi. Kwa kuwa mama yake Sekela alikuwa mwimbaji wa kwaya na hakutaka kusikia habari za uchawi, wakauita "neno". Wakawa wanaulizana, "Neno lako ni lipi?" na mama akaridhika.

Sekela alizaliwa na moyo mbovu. Kile kilima cha kwenda shuleni alikipanda kwa kupumzika mara nne. Ndani ya mchezo alikimbia. Alijenga nyumba mbali kabisa, ng'ambo ya mlima na ng'ambo ya korongo, na ndani yake akatenga chumba cha mama yake. Akamwandikisha mama kama mchezaji, jina lake Mama Sekela, akamsimamisha pale kijijini wanapoanzia wote. Chumba akakifunga kwa namna ambayo mlango usimfungukie mtu mwingine yeyote.

"Mama, twende ukaone chumba chako," alikuwa akimwambia.

"Kesho, mwanangu. Nikitoka sokoni."

Mama alikuwa anauza ndizi. Kuna siku alirudi na mikungu haijaisha, kuna siku alirudi miguu imevimba, na kila siku ilikuwa na kesho yake. Simlaumu. Nani kati yetu hajawahi kusema kesho? Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekazana, Sekela alifariki hospitalini akiwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amejifunika sweta la kijani alilokuwa akilifuma mwenyewe pale kitandani. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa haujaisha.

Siku za mwanzo za msiba zikapita. Asubuhi moja Atupele akaenda kwa mama, akamkuta anamenya ndizi ambazo hakuna aliyeomba kula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Sekela aliniambia wodini kwamba ameingia mchezoni kwa simu yake, amekuandikia kitu. Kiko kwenye kile chumba chako."

Mama akaweka kisu chini. "Kile cha kwenye kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Na sisi hatuwezi kukifungua. Ni wewe tu."

Mama akasukuma ndizi kando. Halafu akauliza, "Duka la Mzee Mwakyoma linafunguliwa saa ngapi?"

Sasa tazameni shida ilipo. Mama Sekela hakuwahi kushika kipanya maishani mwake, na kwa sheria yao hakuna kumchezea mwenzako. Alikuwa na roho moja kama wengine, na kati yake na ule mlango palikuwa na handaki la giza chini ya mlima, kisha daraja jembamba lisilo na kingo juu ya korongo. Akifa njiani, barua ya mwanawe haitasomwa na mtu tena. Na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tu kufika arobaini. Baada ya arobaini mama angehamia Chunya kwa kaka yake.

Vijana wakakaa kuchagua maneno. Wote watatu walikuwa na neno la moto. Mnacheka nini? Mpe kijana uchawi wowote autakao, atachagua kuchoma. Sekela ndiye pekee aliyekuwa akiwasuta: "Hebu niambieni, mmechoma mazimwi mengi au mmechoma nyumba zenu?"

"Mimi natangulia," Lusajo akasema. "Kitakachosogea, nakichoma."

"Na mama akikusogelea?" Atupele akamuuliza. "Umesahau paa la Sekela?"

Lusajo hakuwa amesahau. Alilichoma paa la nyasi la Sekela akifukuza zimwi moja dogo, na Sekela alilijenga upya kwa siku tatu huku akikohoa. Lusajo akainamisha kichwa. "Basi," akasema, "tuache moto."

Lusajo akafuta moto wake, akatunga neno la mwanga. Jiwe akiligusa linawaka, na penye mwanga zimwi halitokei. Lakini kila jiwe lilitaka kuguswa peke yake, na handaki lilikuwa refu. Kila akitoka shuleni alikaa pale akigusa jiwe baada ya jiwe, siku kumi mfululizo, mpaka vidole vikamuuma na mluzi ukamwishia. Taa ya mwisho aliiweka mlangoni kwa Sekela, chini ya mwamba mkubwa ambapo jua halifiki.

Atupele akafuta moto wake, akatunga neno la kushuka taratibu. Mtu akianguka, Atupele akalirusha kwa wakati, mtu yule hutua polepole na haumii. Ila ni lazima awe karibu, na ni lazima awahi kuona. Akichelewa kwa kupepesa jicho, basi. Siku kumi hizo alimtuma mdogo wake awe anaruka kutoka juu ya miamba ya mchezo, bila kumwambia ataruka lini, ili jicho lake lizoee.

Gwakisa naye akafuta moto wake, akatunga neno ambalo wenzake walilicheka: kubadilishana mahali. Anamlenga mtu, na mara yeye yuko pale alipokuwa mwenzake, na mwenzake yuko alipokuwa yeye.

"La nini sasa hilo?" Lusajo akamuuliza.

"Sijui. Labda litafaa."

Mimi nasema alijua. Gwakisa ndiye aliyekuwa akimpelekea Sekela uji wodini kila Jumapili. Kama palikuwa na jambo jingine moyoni mwake, hakuwahi kulisema, na sasa hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja kabla ya arobaini, mchana, mama akaja dukani. Alikaa kwenye kiti cha Sekela, akafuta vumbi la kibodi kwa ncha ya kitenge chake, kisha akatazama skrini kama anayeangalia ndani ya nyumba ya watu.

"Bonyeza hapa uende mbele, mama," Atupele akamwelekeza. "Na hiki kipanya ni mkono wako. Ukikibonyeza, unapiga kilicho mbele yako."

"Na kusimama?"

"Unaachia tu."

Mama hakuwa mtu wa kuachia. Handaki alilipita vizuri, mawe ya Lusajo yakiwaka kulia na kushoto, na akasema kwamba mahali hapo pamefagiliwa kweli. Alipofika darajani akabonyeza kwenda mbele na kidole kikagandia pale. Akaanguka. Atupele akarusha neno lake, mama akatua chini ya korongo mzima, akiwa ameshikilia meza kwa mkono wa pili. Wakampandisha kwa ngazi. Akaanguka tena. Akaanguka na mara ya tatu, na mara zote tatu Atupele alimwona kabla mama mwenyewe hajajua kwamba anaanguka.

Hatimaye akavuka. Atupele na Gwakisa walikuwa hatua chache nyuma yake, na Lusajo alibaki mwisho kabisa, kule darajani.

"Mama, ule pale ndio mlango," Gwakisa akasema.

Mama akasogea, akauona mlango, kisha akaiona taa. Jamani, nisikilizeni vizuri hapa. Miaka kumi na saba mama huyu alikuwa akizima taa nyuma ya Sekela, chumba kwa chumba, akimkumbusha bei ya umeme wa Luku.

"Taa zote hizi, mchana kweupe?" akasema. "Sekela! Nimekwambia mara ngapi?"

Na mkono wake ukabonyeza kipanya.

Taa ikavunjika. Pale chini ya mwamba pakawa giza, na palepale zimwi likatoka, la aina ile inayopasuka na kumuua aliye mbele yake. Lusajo alikuwa mbali, asingeweza kugusa jiwe kwa wakati. Neno la Atupele halikusaidia, maana hakuna aliyekuwa anaanguka. Gwakisa ndiye aliyewahi. Alimlenga mama, na mara mama akajikuta nyuma, kwenye mwanga, na Gwakisa akawa amesimama mlangoni. Zimwi likapasuka naye. Skrini ya Gwakisa ikawa nyeusi, na maandishi yakatokea: Dunia hii imefungwa kwako.

"Nimefanya nini?" mama akauliza. "Gwakisa, mwanangu, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Ingia tu."

Lusajo akaja mbio akawasha jiwe jingine. Mama akagusa mlango, nao ukafunguka. Ndani palikuwa na kitanda chenye blanketi jekundu, jiko, kapu la ndizi, na dirisha linalotazama mlima. Kando ya kitanda palikuwa na swichi. Kitabu kilikuwa juu ya mto. Mama alikisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma somo kanisani:

"Mama, karibu. Najua ulikuwa na kazi, usijilaumu. Dirisha nimeliweka upande wa Mlima Rungwe kwa sababu unaupenda. Swichi nimeiweka karibu na kitanda ili usiinuke kuzima taa. Huku mimi sichoki. Nguo zangu mgawane mnavyojua, ila sweta la kijani umpe aliyekufikisha hapa. Baridi ya kwetu unaijua, na mkono mmoja sijaumaliza, anisamehe. Wako, Sekela."

Mama alilia, na wote wakalia, hata Mzee Mwakyoma aliyekuwa amejifanya anapanga madaftari. Mama akabonyeza ile swichi, taa ya chumba ikazimika. Akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha tena, na hakuna aliyemwambia aache.

"Njoo uone chumba," Atupele akamwita Gwakisa.

Gwakisa alibaki mbele ya skrini yake nyeusi. "Hapana," akasema. "Nimesikia. Inatosha." Lakini uso wake ulionyesha kwamba haikutosha.

Kesho yake ikawa arobaini. Watu wakala, wakaomba, kisha nguo za marehemu zikatolewa kama desturi inavyotaka. Magauni yakaenda kwa binamu zake, viatu kwa mtoto wa jirani. Likabaki sweta. Mama akaeleza yote yaliyotokea, akasoma maneno ya barua aliyoyanakili kwenye karatasi, kisha akasema, "Ameandika mtu mmoja. Nao ni watatu."

Mjomba wa Sekela akasema ni la Lusajo. "Siku kumi kijana huyu amekaa akiwasha mawe. Bila yeye, dada yangu angefia handakini, na hao wengine wasingepata nafasi ya kusaidia."

Shangazi akakataa. "Lusajo aliwasha njia, lakini mama aliokolewa na Atupele, mara tatu. Mara tatu! Na ndiye aliyetuletea habari ya barua."

"Mara zote tatu Atupele hakupoteza kitu," akasema Mzee Mwakyoma. "Gwakisa amepoteza dunia nzima aliyoijenga na Sekela, na kwenye kile chumba hataingia kamwe."

"Lakini alisimama mlangoni tu," mjomba akajibu. "Nani alimfikisha mlangoni?"

Mtu mmoja pale nyuma akashauri sweta lifumuliwe, kila mmoja apewe uzi. Mama alimtazama, na yule mtu akaketi.

Vijana nao wakaulizwa. Msidhani walijifanya wakarimu. Lusajo alisema, "Nalitaka. Nilimchomea paa, akanisamehe, sijui kwa nini." Atupele akasema, "Nalitaka mimi. Nilikaa naye alipokuwa anaanza kulifuma, mimi ndiye niliyemshikia uzi." Gwakisa, yule anayevua hata kofia yake akakupa, safari hii hakumwachia mtu. Alisema neno moja tu: "Nalitaka."

Mama Sekela akawaambia, "Ndaga, wanangu, asanteni," akalikunjua sweta magotini. Mkono mmoja ulikuwa umetimia. Mwingine uliishia kwenye kiwiko, uzi ukining'inia pale Sekela alipoachia. Akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na chai ikapoa vikombeni watu wakimsubiri.

Hapo ndipo hadithi inaponishinda. Nimemsimamisha mama pale miaka yote hii na sweta mkononi, na basi la Chunya linaondoka asubuhi. Yuko aliyemwashia njia, yuko aliyemdaka kila alipoanguka, na yuko aliyekufa badala yake asiuone mlango ukifunguka. Haya, semeni sasa, mmoja mmoja, na msipigiane kelele. Ungekuwa wewe ndiye mama yake Sekela, sweta lile ungemvisha nani?