Fungu la Dukhani

Ti! Tone moja lilianguka ndani ya bakuli la shaba, usiku, katika mji wa Kafuria, zama za Sultani Mansabu mwenye ngome saba na bustani zisizo idadi. Na mkenekaji mkuu wa Sultani, aliyekuwa amelala juu ya godoro la hariri, akashtuka akaketi, kwani mtambo wake haukuwashwa moto tangu magharibi, na mtambo usio na moto haudondoshi kitu.

Kazi ya bwana huyu ilikuwa kukeneka mvinyo. Alitwaa mahindi na shayiri, akayaponda na kuyachachusha, akayatia katika chungu cha shaba na kukikokea moto wa polepole. Na mvuke ukapanda, ukapita katika mrija uliozungushwa ndani ya pipa la maji baridi, ukageuka matone. Mvinyo mwingine aliufungia katika mapipa yaliyounguzwa ndani, ukakaa humo miaka hata ukapata rangi ya kahawia inayong'aa. Na mwingine aliukoleza kwa asali na karafuu na maganda ya machungwa, na huo ndio ulionywewa karamuni. Lakini kikombe cha kwanza kutoka mrijani hakinywewi na mwanadamu, kwani ni sumu. Wakenekaji wa Kafuria walikimwaga mekoni na kusema, "Fungu lako, Dukhani," na jini aliyekaa katika moshi wa meko akakinywa, akawa radhi, na watu wakasalimika.

Basi miaka saba nyuma Sultani alifanya karamu, na gudulia la mwisho likapungua kwa kikombe kimoja. Mkenekaji akaona haya kupeleka gudulia lisilojaa, na akatwaa fungu la jini, akalitia asali nyingi na maganda ya machungwa ili kuua harufu yake, akajazia. Mdogo wake, Mize binti Shebe, ndiye aliyekuwa muonjaji, na pua yake ilisifiwa katika nchi nzima. Akaonja wa kwanza, kama ilivyo desturi, akanywa kile kikombe cha juu, na kulipopambazuka akauliza kwa nini hawafungui madirisha.

Sultani akaghadhibika, akasema, "Nani aliyetenda haya?"

"Maulana," akajibu mkenekaji, "ni jini."

Wakaitwa wajuzi wa azima, wakamfunga Dukhani ndani ya mtambo kwa muhuri, wakamlazimisha kutumika na kumkataza kutamka jina la mwanadamu yeyote. Tangu hapo mvinyo wa Kafuria haukuwa na mfano, na mkenekaji akapata majumba na mashamba, na kesho ya usiku huu wa tone angemwoa Bi Lulua binti Sultani. Na Mize naye alipewa heshima siku hiyo ya harusi: kumimina risasi iliyoyeyushwa katika mdomo wa mtambo, jini apate kuangamia.

Mkenekaji akashuka na taa, akamkuta Mize ameketi chini, mkono wake juu ya shaba.

"Bwana harusi hajalala?" akauliza Mize. "Au unaogopa bibi harusi atakukimbia akisikia unavyokoroma?"

"Nimesikia tone."

"Analia, maskini. Tangu isha."

"Unamwita maskini! Huyu aliyekupofusha?"

Sauti ikatoka mrijani, nyembamba kama mvuke: "Bwana wangu, mwaka wa kwanza dawa yangu ingemrudishia macho yote mawili. Leo ni jicho moja tu. Kesho, risasi ikishamiminwa, hakuna. Nami sitoki humu kumtibu mpaka muhuri uvunjike, na hauvunjiki ila mtenda ajitaje kwa kinywa chake mbele ya mtendewa. Kila mwaka nimekwambia haya ukiwa peke yako, nawe kila mwaka ukaziba mrija kwa kitambaa."

"Usimsikilize, Mize. Majini ni waongo."

"Huenda," akasema Mize. "Lakini pua yangu si mwongo. Nilichokunywa siku ile kilikuwa na asali na machungwa kupita kiasi cha karamu, Kaka. Jini hagusi asali. Hilo hata watoto wa Kafuria wanalijua. Aliyeitia alitaka nisisikie harufu."

Mkenekaji akaiinua taa amtazame. "Umelijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na ukanyamaza miaka saba?"

"Nilikuwa nakungoja. Nilisema, leo ataniambia. Asiponiambia leo, kesho. Nikawa namlaani jini huyu mbele yako kila Ijumaa, nikidhani laana zitakuchoma wewe. Wewe ukaniletea shali jipya." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi na mimi nina dhambi yangu kwake. Nisamehe, Dukhani."

"Nimekusamehe, bibi," ikasema sauti. "Ila miaka hairudi."

Mkenekaji akayawaza majumba yake, na Bi Lulua aliyekwisha kupakwa hina, na upanga wa Sultani ambao haukuwa na masihara. Na akafungua kinywa kusema uongo mwingine, kwani alikuwa nao tayari. Ndipo akauona mkono wa Mize ukipapasa kutafuta ukingo wa bakuli, ukaukosa kwa inchi moja, ukapapasa tena, na yeye mwenye macho mawili amesimama pale na taa. Wasemao wamesema, mvinyo ukikaa pipani huwa mtamu, lakini uongo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuchacha. Naye siku hiyo aliuonja wake, akaijua ladha yake.

Akapiga magoti. Akaushika ule mkono.

"Mdogo wangu, si jini. Ningalisema mapema, ungaliona sura yangu ninapolia. Aliyekutilia sumu, akaificha kwa asali, jina lake—"

Mize akangoja, kama alivyongoja miaka saba.

"Jina lake ni Ngwali bin Shebe."